Siku Moja Watamu na Familia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila likizo ya shule inapokaribia. Huulizwa na wazazi wa Nairobi, Mombasa na Malindi, na pia na ndugu walioko Muscat, Dubai au Minnesota wanaokuja nyumbani na watoto waliokulia mbali na bahari. Karibu majibu yote yanasimama juu ya jambo moja: siku ya Watamu hupangwa kwa maji. Ukijua bahari inakupwa saa ngapi na inajaa saa ngapi, watoto wataona viumbe ambao wengine huwapita bila kujua, na mtaogelea wakati ambapo kuogelea ni salama. Kwa hiyo, ukiwa na haraka, anza na sehemu ya pili.

## Mambo ya msingi

Watamu iko wapi, na kwa nini inafaa familia?

Watamu ni mji mdogo wa Kaunti ya Kilifi, zaidi kidogo ya kilomita 100 kaskazini mwa Mombasa, na mwendo mfupi kabla ya kufika Malindi. Ufuo wake ni mchanga mweupe laini, umegawanyika katika ghuba kadhaa zenye visiwa vidogo vya mawe ambavyo maji yameviguguna chini vikabaki na vichwa vipana. Mbele ya ghuba hizo kuna mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi makubwa, ndiyo maana maji ya ndani huwa matulivu kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Hifadhi ya Bahari ya Watamu ilitangazwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Malindi, na zote mbili ni miongoni mwa hifadhi za kwanza za bahari barani Afrika. Si kubwa, ni kama kilomita 10 za mraba, lakini ndani yake uvuvi umepigwa marufuku na tofauti inaonekana kwa macho: samaki hawamkimbii mtu. Nyuma ya ufuo kuna hori la Mida lenye mikoko, magofu ya Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke. Ni vigumu kupata mahali pengine pwani yetu ambapo bahari, mikoko, msitu na mji wa kale vimekaribiana hivi.

Tunafikaje bila gari?

Pandeni matatu ya Mombasa–Malindi, mwambieni kondakta mnashuka Gede. Hapo makutano kuna tuktuk na bodaboda za kuwafikisha Watamu kwa dakika chache. Familia yenye watoto ichukue tuktuk. Mkitoka Mombasa mnaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo mradi mtoke alfajiri. Mkitoka Nairobi, iwe kwa treni ya SGR hadi Miritini au kwa ndege hadi Malindi, laleni angalau usiku mmoja. Mtoto aliyechoka na safari hataona hata kaa aliye mbele yake.

Ni miezi gani mizuri?

Kaskazi, yaani Desemba hadi Machi, bahari hutulia na maji huwa maangavu. Huu ndio msimu bora wa kutazama samaki. Tatizo lake ni umati: wiki ya Krismasi na mwaka mpya Watamu hujaa, na bei hupanda.

Kusi huanza Aprili. Mvua kubwa hunyesha Aprili na Mei, mawimbi huongezeka, maji huchafuka na mwani huletwa ufuoni kwa wingi. Wageni wengi huuona mwani huo kama taka na kulalamika hotelini, ilhali ni chakula na makazi ya viumbe wadogo ambao ndege huwatafuta asubuhi. Kusi ina zawadi yake pia. Kuanzia Julai nyangumi wenye nundu hupita pwani hii wakitoka bahari baridi za kusini, na ndege wa bahari waitwao buabua hutaga kwenye kisiwa cha mawe kilicho nje ya mdomo wa Mida. Oktoba na Novemba, upepo unapobadilika, mara nyingi ni wakati mzuri usio na watu wengi.

Kuna kiingilio?

Kutembea na kuogelea kwenye ufuo wa umma ni bure. Mkiingia ndani ya hifadhi kwa boti, au kupitia lango la Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) lililo mwisho wa barabara ya Turtle Bay, mtalipa. Malipo hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Pesa taslimu hazipokelewi. Viwango hutofautiana kati ya raia, mkazi na mgeni, na kati ya mtu mzima na mtoto, na vimekuwa vikibadilika, kwa hiyo tazama bei ndani ya eCitizen kwenyewe badala ya kuamini ukurasa wa zamani. Lipeni usiku uliotangulia mkiwa na mtandao mzuri, na mbebe vitambulisho.

## Maji kupwa na maji kujaa

Kwa nini kila mwenyeji ananiambia nitazame maji kwanza?

Kwa sababu Watamu ya maji makavu na Watamu ya maji mengi ni sehemu mbili tofauti. Siku za bamvu, yaani za maji makubwa, bahari hushuka zaidi ya mita tatu kati ya kujaa na kupwa. Pale ulipoogelea jana jioni leo asubuhi unatembea kwa miguu, katikati ya vidimbwi, vilima vya mchanga na miamba iliyo wazi. Familia inayofika na mipira ya kuogelea wakati maji yamekupwa hukuta bahari iko mbali na kukata tamaa. Inayofika kutafuta viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota, wakati maji yamejaa haioni hata kimoja.

Nitajuaje maji yatakupwa saa ngapi?

Majedwali ya bandari ya Kilindini yanapatikana mtandaoni, na kwa Watamu yanatosha. Lakini unaweza kupata picha nzuri kwa kutazama mwezi tu, kama wavuvi wanavyofanya.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ndizo siku za bamvu. Siku hizo, pwani ya Kenya, maji hukauka kabisa kwenye saa nne hadi saa tano asubuhi, kisha hujaa saa kumi hadi saa kumi na moja jioni. Kila siku inayofuata, nyakati hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Baada ya wiki moja, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu na mambo yamegeuka: maji yamejaa asubuhi, yanapungua alasiri, na hayashuki sana.

Kwa familia inayotaka kuona viumbe, chagueni siku ya mwandamo au ya mwezi mpevu, au siku mbili tatu zinazofuata. Kwa familia inayotaka kuogelea tu na watoto wadogo, maji mafu ni mazuri zaidi, kwa kuwa bahari haiendi mbali na mikondo haina nguvu.

Tupangie basi siku nzima ya bamvu.

Fikeni ufuoni saa mbili na nusu asubuhi, maji yakiwa yanashuka. Tembeeni nayo polepole kuelekea miambani. Vidimbwi vinaachwa wazi kimoja baada ya kingine na jua bado halijawa kali. Maji yakifika mwisho wa kukupwa, geukeni. Msisubiri yaanze kurudi (sababu iko kwenye swali linalofuata).

Saa sita hadi saa tisa ni wakati wa kivuli. Kuleni, watoto walale chini ya mvinje, au nendeni kwenye kituo cha kasa au Gede. Wazazi wengi hufanya kinyume: huchelewa kuamka, hufika ufuoni saa sita, na watoto hubabuka mabega kabla ya kuona chochote. Kuanzia saa tisa maji yamerudi na mchanga uliopashwa na jua umeyatia vuguvugu. Hapo ndipo mtu aogelee. Kama mnarudi Mombasa kwa matatu, tokeni saa kumi na nusu.

Maji haya yana hatari gani?

Hatari ya kwanza ni kutembea mbali juu ya vilima vya mchanga, kisha kukuta maji yamerudi nyuma yenu. Bahari haiji kwa mstari mmoja kutoka mbele. Hujaza kwanza mifereji iliyo kati yenu na nchi kavu, na mfereji uliouvuka kwa maji ya kifundo cha mguu unaweza kumfika mtoto kifuani ndani ya muda mfupi. Ndiyo maana kanuni ni kugeuka wakati wa maji makavu yenyewe.

Ya pili ni mdomo wa Mida. Maji yote ya hori huingia na kutoka kupitia mlango mmoja, na bamvu inapotoka mkondo wake humshinda hata mtu mzima anayejua kuogelea. Msiogelee hapo, hata kama maji yanaonekana laini kama mafuta. Ya tatu ni kudhani kuna mtu anayetazama. Sehemu kubwa ya fuo zetu haina waokoaji, kwa hiyo mtu mzima mmoja awe zamu kila wakati, simu ikiwa mfukoni.

## Viumbe wa miambani na baharini

Watoto wataona nini hasa?

Chuchumaeni kando ya kidimbwi kimoja na mkae kimya dakika tano. Mwanzoni kinaonekana kitupu. Kisha kombe moja linaanza kutembea, kwani ndani yake kuna kaa aliyehamia. Kamba mwenye mwili kama kioo anatoka chini ya jiwe, samaki mdogo wa rangi ya mchanga anarukia kidimbwi cha pili, na kile mlichodhani ni kijiti ni jongoo bahari anayelamba chini. Pembeni kuna kiti cha pweza, na ukitazama kwa makini utaona vidole vyake vikijipinda taratibu sana. Tafuteni pia tundu lenye rundo la magamba ya kaa mlangoni: hilo ni jiko la pweza, na mwenyewe huenda yumo ndani akiwatazama.

Juu ya mchanga mkavu, hasa asubuhi na jioni, kaa weupe wenye macho ya kusimama hukimbia upande upande na kuzama kwenye mashimo yao. Watoto wadogo hupenda hao kuliko kitu kingine chochote.

Wanaweza kuwashika?

Waambieni mikono nyuma, macho mbele. Kiti cha pweza akitolewa majini ili apigwe picha hupata shida ya kupumua, na akipitishwa mikono kumi kwa siku huenda asiione kesho. Kuna sababu nyingine ya usalama: konokono wa kombe lenye umbo la koni, lililopambwa vizuri kuliko mengine yote, ana mshale wa sumu unaoweza kumuua mtu. Mtoto hawezi kutofautisha, kwa hiyo ni rahisi zaidi asishike kombe lolote lililo majini.

Makombe matupu je, tunaweza kuyachukua nyumbani?

Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kuondoa chochote, makombe na vipande vya matumbawe vikiwemo. Na sababu ni ya kweli: yule kaa aliyetajwa hapo juu hana nyumba yake mwenyewe. Anapokua hutafuta kombe kubwa zaidi, na akilikosa hubaki uchi mbele ya kila adui. Makombe yanayouzwa mezani kando ya barabara msiyanunue pia. Mengi hayakuokotwa matupu, yalivuliwa yakiwa hai kisha nyama ikaondolewa.

Tusiojua kuogelea tutaonaje samaki?

Kodini boti yenye kioo chini. Nahodha mzuri atawapeleka kwenye bustani za matumbawe maji yakiwa machache, maana ndipo kioo kinapokaribia samaki. Kubalianeni bei na muda kabla ya kupanda, ulizeni kama kiingilio cha hifadhi kimo au hakimo, na msipande bila jaketi za kuokolea zinazowatosha watoto. Jaketi ya mtu mzima humchomoka mtoto akianguka majini.

Wanaojua kuogelea wanaweza kushuka na miwani na mrija. Mambo mawili tu. Msisimame juu ya matumbawe, kwani ni mnyama hai na kisigino kimoja huvunja kilichochukua miaka mingi kukua. Matumbawe haya yamepata mapigo makubwa tayari: joto la bahari la mwaka 1998 liliyageuza meupe na kuua sehemu kubwa, na tangu hapo yamekuwa yakijikongoja kurudi. La pili, msiwalishe samaki mkate. Mkate huwavuta wachache wakali na kuwafukuza wengine, na si chakula chao. Nahodha akitoa mkate, mwambieni kwa upole kwamba nyinyi hamtaki. Wateja wakikataa, naye ataacha.

Pomboo na nyangumi wanaonekana?

Pomboo ndiyo, karibu mwaka mzima, nje ya mwamba. Nyangumi ni kuanzia Julai hadi Septemba hivi. Safari hizo hutoka hadi bahari kuu ambako mawimbi ya kusi ni makubwa, kwa hiyo si za watoto wa chini ya miaka sita au saba. Chagueni nahodha anayepunguza mwendo na kuwaacha wanyama waje wenyewe. Anayewakimbiza hadi mbele yao anawatenganisha mama na ndama.

## Kasa

Tutamwona kasa?

Huenda, wala si ahadi. Aina tano za kasa huonekana katika maji ya Kenya, na Watamu wanaojulikana zaidi ni kasa wa kijani na ng'amba. Anayeogelea na miwani karibu na matumbawe ana nafasi nzuri. Walio juani ufuoni ni nadra. Kasa hapandi mchangani mchana kupumzika.

Mkitaka uhakika, nendeni kwenye kituo cha Local Ocean Conservation, mjini Watamu. Kasa waliojeruhiwa, waliomeza plastiki au walionaswa na ndoano hutibiwa hapo mpaka wawe tayari kurudi baharini. Shirika hili pia lina mpango ulio karibu sana na moyo wangu: mvuvi akimnasa kasa wavuni bila kukusudia, hupiga simu badala ya kumchinja. Kasa hupimwa, hutiwa alama na kuachiliwa, na mvuvi hupewa fidia ndogo kwa muda wake na kwa wavu wake. Mvuvi ambaye zamani alilaumiwa kwa kupungua kwa kasa amekuwa ndiye mlinzi wao. Waelezeni watoto hilo kabla ya kuingia, wataelewa kituo kwa namna nyingine.

Kasa hutaga lini, na tunaweza kutazama?

Hutaga usiku, hasa katika miezi ya kusi. Jike hupanda hadi juu ya mstari wa maji, huchimba shimo kwa mapezi ya nyuma, hutaga mayai mia moja au zaidi, hulifukia na kurudi baharini. Mayai hukaa mchangani kama miezi miwili. Joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: mchanga wa moto huleta majike, wa baridi huleta madume. Mvinje ukikatwa ili hoteli iione bahari vizuri, mchanga hupoteza kivuli na hesabu hiyo huvurugika.

Kutazama kiota kikianguliwa kunawezekana mkiwa na watu wa kituo, maana ndio wanaojua tarehe ya kila kiota wanachokilinda. Acheni namba yenu, na mkiitwa nendeni upesi. Vitoto vikitoka hukimbilia mwanga ulio chini kabisa kwenye upeo, ambao kwa kawaida ni bahari. Ndiyo maana tochi, taa za simu na mmweko wa kamera havitakiwi kabisa: kitoto kinachofuata taa huelekea barabarani. Msikibebe kukisaidia, mwendo wa mchangani ni sehemu ya maisha yake.

Tukikuta kasa aliyekwama ufuoni?

Msimrudishe majini. Kasa anayekaa mchangani mchana mara nyingi ni mgonjwa au amechoka, na akisukumwa baharini anaweza kuzama. Mwekeeni kivuli, mwagieni gamba maji ya bahari bila kumwagia puani, ondoeni watu na mbwa, kisha pigieni KWS au kituo. Mkikuta aliyekufa, toeni taarifa vilevile na msichukue gamba. Kasa na kila sehemu yake analindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013.

## Mida, Gede na msitu

Mida inafaa watoto?

Sana, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu inayosahaulika kuliko zote. Kuna njia za mbao zilizoinuliwa juu ya mikoko, zinazotunzwa na vikundi vya wenyeji, na ada ndogo mnayolipa hubaki kijijini. Ile ya Dabaso inaishia kwenye mgahawa uliosimama majini ambako sambusa za kaa hukaangwa mbele yenu. Mwombeni kijana wa kikundi awaonyeshe mkoko wenye mizizi ya magongo na mchu, mkoko wa aina nyingine unaotoa chumvi kwenye majani. Mtoto akilamba jani la mchu hataisahau Mida.

Nendeni muda wa saa mbili au tatu hivi kabla maji hayajajaa. Ndege waliotawanyika matopeni husukumwa na maji kuelekea kwenu. Kati ya Septemba na Aprili mtamwona ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene, mla kaa, akiwa katika makundi makubwa. Huzaliana mashimoni kwenye fuo za mchanga za Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu, kisha huja kwetu. Mtoto aliyetoka Muscat kuja likizo ana msafiri mwenzake hapo.

Gede na Arabuko-Sokoke vinaingia siku hiyohiyo?

Gede ndiyo. Ni mji wa Waswahili ulioanza karne ya 12 na kuhamwa karne ya 17, na mwaka 2024 UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Saa moja na nusu inatosha na miti mikubwa ina kivuli, kwa hiyo unafaa mchana. Msitu hapana, upeni asubuhi yake. Ni kama kilomita 420 za mraba, mna tembo, bundi mdogo wa Sokoke, na sange, mnyama mdogo wa pua ndefu mwenye mgongo wa dhahabu, na wote huonekana kwa wanaofika alfajiri na kunyamaza.

## Chakula, mizigo na watu

Tubebe nini?

Maji mengi, kwenye chupa za kudumu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na tangu Juni 2020 chupa, vikombe, sahani na mirija ya plastiki ya kutumika mara moja hairuhusiwi kwenye hifadhi na fuo zilizolindwa. Mahamri na mbaazi za asubuhi pakieni kwenye hotpoti; husafiri vizuri. Mchana mjini mtapata wali wa nazi na samaki, viazi karai, madafu, na aiskrimu ya Waitaliano walioishi hapa kwa miongo.

Viatu vya raba vya kuingia navyo majini si anasa: miamba hukata na miiba ipo. Nguo nyepesi za mikono mirefu humkinga mtoto kuliko mafuta ya jua, na hazichafui maji. Leso mbili hutosha kuwa mkeka, taulo na pazia la kubadilishia nguo. Watamu ni mji wenye Waislamu wengi, hivyo mkitoka ufuoni kwenda sokoni jifungeni leso. Misikiti ipo karibu kwa wanaotaka kuswali.

Vijana wa ufuoni watatusumbua?

Watawasalimia na kuwatangazia safari. Itikieni salamu, kisha semeni wazi, "Asante kaka, leo hatuhitaji." Wengi huishia hapo. Kati yao wamo wanaojua kila jiwe la hifadhi, na mkihitaji wa kuwatembeza vidimbwini mpangieni mmoja, mkubaliane bei, naye atawaondolea wengine. Msilipe yote kabla.

Tuna bibi asiyeweza kutembea mbali.

Mleteni saa tisa, maji yakiwa karibu. Mchanga uliolowa karibu na maji ni mgumu na hutembeleka kwa mkongojo. Mkavu wa juu humchosha, na magurudumu ya kiti huzama. Boti ya kioo ina hatua ya kupanda yenye maji ya magoti, kwa hiyo ongeeni na nahodha mapema.

## Ikitokea shida

Mtoto amechomwa na yavuyavu (jellyfish), au amekanyaga miiba.

Yavuyavu: mtoeni majini, suuzeni kwa maji ya bahari, msisugue mchanga, ondoeni nyuzi kwa kibanio au ukingo wa kadi. Miiba: toeni inayoshikika kwa kibanio, iliyokatikia ndani msiichokore. Kama ni taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, au samaki jiwe, maumivu huwa makali mno. Tumbukizeni mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kustahimili bila kuungua, mzazi akiyapima kwanza kwa mkono wake, huku mkielekea hospitali. Mtoto akivimba uso, akishindwa kupumua au akilegea, msijaribu tiba yoyote ya ufuoni, nendeni moja kwa moja. Namba ya dharura ni 999 au 112.

Tumeona nyoka mchangani, mweusi juu na njano chini.

Huyo ni nyoka wa baharini, mwenye mkia bapa kama kasia. Mawimbi humtupa ufuoni mara mojamoja, na akiwa nchi kavu hawezi kutembea vizuri, jambo linalowafanya watu wadhani amekufa. Ana sumu kali. Msimguse wala msimpige. Wekeni watoto mbali na mwiteni mtu wa KWS.

Tumbili wametuzunguka na chakula kiko wazi.

Fungeni vyombo, simameni, msiwatazame machoni na msiwarushie kitu. Mtoto aliyeshika ndizi aiache ianguke. Msiwalishe, na hii ni hata kwa kima wa Gede mnaoshawishiwa kuwapa ndizi kwa ajili ya picha, kwa sababu aliyezoea kupewa huanza kunyang'anya, na akimng'ata mtoto mtahitaji chanjo ya kichaa cha mnyama siku hiyohiyo.

Mvua imeanza asubuhi na tulishalipa.

Mvua ya pwani mara nyingi hupita. Nendeni kwanza kituo cha kasa au Bio-Ken, shamba la nyoka lililoanzishwa mwaka 1980 hapo Watamu, mtazame tena mbingu saa nane. Radi ikisikika, msiingie majini wala kukaa ufuoni.

Tumefika nyumbani na kukuta makombe kwenye mfuko wa mtoto.

Kama mko Malindi au Watamu bado, rudisheni kesho asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, na mtoto mwenyewe ayaweke kando ya kidimbwi. Kabla ya hapo yachunguzeni moja moja kwa kuyaweka kwenye beseni la maji ya bahari kwa nusu saa. Lililo na kaa ndani litaanza kutembea, nalo lirudi usiku huohuo.